Sikio limetoa usaha, maumivu yameisha, lakini sisikii: je, nitakuwa kiziwi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni msichana wa miaka 17, nasoma kidato cha tano shule ya bweni huku Njombe. Nilianza na mafua ya kawaida, bweni zima tulikuwa tunakohoa. Usiku wa siku ya nne sikio la kushoto likaanza kuniuma, maumivu ya kutolala kabisa, nikalia mpaka matroni akaamka. Alfajiri nikasikia kitu kama kimepasuka, mto ukalowa majimaji ya njano yenye damu kidogo, na maumivu yakakatika hapo hapo. Nikashukuru Mungu. Lakini leo ni siku ya 12 tangu lipasuke na sikio hilo halisikii vizuri. Limeziba, na sauti yangu mwenyewe inavuma kichwani. Wenzangu wanasema siku hizi naongea chini chini. Juzi mwalimu aliniita mara tatu kutoka upande wa kushoto, sikusikia, akaona namdharau, akanisimamisha mpaka kipindi kikaisha. Duka la dawa waliniuzia matone ya gentamaisini. Matroni yeye anasema nitie mafuta ya kula yaliyopashwa moto na kitunguu saumu. Rafiki yangu ananiambia mtu akishatoka usaha sikioni ndiyo basi, ameshakuwa kiziwi. Na mimi niko kwenye kwaya ya shule. Nitakuwa kiziwi? Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Pole sana. Maumivu ya sikio usiku, tena mbali na nyumbani, hayana mfano.

Nianze na hilo linalokunyima raha. Kwa jinsi ulivyoeleza, uwezekano mkubwa sana ni kwamba usikivu wako utarudi, na rafiki yako amekutisha bure. Ila nakuomba mambo mawili wiki hii hii. La kwanza, mtabibu mwenye kifaa cha kuchungulia sikio, kinaitwa otoskopu, akuangalie, asikupe tu dawa kwa kusikiliza maelezo. La pili, usitie kitu chochote ndani ya sikio mpaka aangalie, isipokuwa utambi wa kukaushia nitakaokueleza hapo chini: si mafuta, si kitunguu, si kijiti cha pamba, na hayo matone ya gentamaisini yaweke kando kwanza. Nitakueleza kwa nini, maana nataka ujue kinachoendelea ndani ya sikio lako, usiwe unafuata maagizo tu.

Ukiingia kwenye tundu la sikio, sentimita mbili na nusu hivi kwenda ndani, unakuta utando unaoitwa ngoma ya sikio. Upana wake ni kama sentimita moja, unene wake kama sehemu ya kumi ya milimita. Nyuma yake kuna chumba kidogo chenye hewa, na ndani ya chumba hicho vifupa vitatu vimeshikana: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini mwako. Sauti inapogonga ngoma, vifupa hivi vinaipokea na kuisukuma kwenye sikio la ndani, ambako kuna maji na neva ya usikivu. Chumba hicho kina dirisha moja tu la kupatia hewa, mrija mwembamba unaoshuka mpaka nyuma ya pua. Unaujua mrija huo hata kama hujawahi kuambiwa jina lake. Basi likipanda mlima Kitonga masikio yanaziba, unameza mate, yanazibuka: ni huo umefunguka.

Sasa ulipopata mafua, utando wa ndani ya pua ulivimba, na mrija nao ukavimba ukajifunga. Hewa iliyobaki chumbani ikanywewa na mwili, nyingine haikuingia, na badala yake majimaji yakaanza kuvuja humo. Bakteria wanaoishi nyuma ya pua, hasa wale wanaoitwa numokoka ambao ndio pia huleta kichomi, wakapata mahali pa kuzaliana. Majimaji yakageuka usaha. Chumba chenyewe kinabeba mililita moja au mbili, hata nusu kijiko cha chai hakifiki, kwa hiyo usaha kidogo tu unatosha kuisukuma ngoma nje kama inataka kupasuka. Na ngoma ya sikio ina neva nyingi za maumivu. Ndiyo sababu ulilia. Ndiyo sababu pia ulipolala maumivu yalizidi, kwa kuwa ukilala damu hujaa zaidi kichwani na shinikizo linapanda.

Alfajiri ngoma ikatoboka. Ulichokiona kwenye mto wako wa kulalia, majimaji ya njano yenye damu kidogo, ndivyo inavyokuwa. Usaha ulipata njia, shinikizo likashuka, maumivu yakaisha ndani ya dakika chache. Watu wengi wakisikia ngoma imetoboka wanaona ndio mwisho wa sikio, lakini tundu la namna hii, la mara ya kwanza, kwa kijana asiye na ugonjwa mwingine, hujifunga lenyewe. Mara nyingi huchukua wiki chache, pengine mpaka miezi mitatu. Ngoma ya sikio ni ngozi hai na inajua kujiponya, mradi tu iachwe kavu.

Basi kwa nini husikii, kama maumivu yamekwisha? Kwa sababu maumivu yaliletwa na shinikizo, na shinikizo limeondoka. Usikivu unazuiwa na vitu viwili vilivyobaki: tundu kwenye ngoma, na majimaji mazito ambayo bado yamezunguka vile vifupa. Ngoma yoyote iliyolowa hupigwa ikatoa mlio mzito na mfupi, na hakuna anayeitupa kwa hilo, huachwa ikakauka. Yako iko hivyo hivyo. Neva yako ya usikivu, kwa dalili ulizotaja, haijaguswa. Sauti inafika mlangoni, haipiti.

Kwa kipimo, majimaji haya hupunguza usikivu kwa wastani wa desibeli 25 hivi, mengine zaidi kidogo. Mazungumzo ya kawaida ya watu waliokaribiana yako kama desibeli 60, mnong'ono kama 30. Ondoa 25 hapo uone: mazungumzo yanabaki unayasikia lakini kwa mbali, mnong'ono unapotea kabisa. Na mwalimu anayeongea akiwa ameelekea ubaoni, huku mvua inapiga bati, humpati.

Umetaja jambo moja ambalo limenipa moyo kuliko yote: kwamba sauti yako inavuma kichwani, na wenzako wanasema unaongea chini. Mtu ambaye neva yake imeharibika kwa kawaida hupaza sauti, maana hajisikii. Wewe sauti yako inapita kwenye mifupa ya fuvu moja kwa moja mpaka sikio la ndani, na kwa kuwa kelele za nje zimezuiwa, unajisikia kwa nguvu mno. Ndipo unapunguza sauti bila kujua. Hii ni dalili ya sikio lililozibwa njiani.

Kuna jaribio dogo unaweza kulifanya sasa hivi, ukiwa peke yako mahali patulivu. Funga mdomo, vuta pumzi, kisha toa sauti ya "mmm", nene na ndefu, kama mnapopasha sauti kwaya. Usisikilize kwa sikio, sikiliza kichwani: mvumo umeegemea wapi? Ukiegemea kushoto, kwenye sikio linaloumwa, tatizo liko njiani, yaani kwenye tundu na majimaji. Ukiegemea kulia, kwenye sikio zima, huenda sikio la ndani au neva imeguswa, na hapo usisubiri: nenda hospitali siku hiyo hiyo. Sisi madaktari hufanya jambo hili hili kwa uma wa chuma unaotetemeka, tunausimamisha katikati ya paji la uso. Jaribio lako la mmm halichukui nafasi ya uchunguzi, lakini litakusaidia kujua ukimbie au utembee.

Nikae hapa kidogo, maana wapo watakaosoma jibu hili ambao hali yao si kama yako. Mtu akiamka asubuhi sikio moja halisikii, hana mafua, hana maumivu, hana usaha, pengine kuna mlio mkali au kizunguzungu, huyo asijifariji kwamba ni nta au hewa. Usikivu wa neva unaweza kuporomoka ndani ya saa 72, na dawa tuliyo nayo, ya kundi la steroidi, hufaa zaidi ikianzwa mapema, ndani ya siku za mwanzo na si baada ya wiki mbili. Inaniuma sana ninapompokea mtu aliyezungushiwa matone mwezi mzima kwa tatizo ambalo matone hayafiki. Vivyo hivyo kwa aliyeanza kutosikia akiwa kwenye sindano za gentamaisini, au zile sindano za kifua kikuu kama amikasini: amwambie anayemtibu leo. Kwinini nayo huleta mlio na uziwi, wazazi wenu waliotibiwa malaria kwa kwinini wanaukumbuka mlio ule, lakini wa kwinini kwa kawaida huondoka dozi ikiisha. Wa hizo sindano huweza kubaki maisha.

Hapo ndipo ninapofika kwenye matone yako. Gentamaisini ni dawa nzuri mahali pake, na maduka mengi ya dawa huuza matone yake kwa jicho na sikio kwa kuwa ni ya bei nafuu. Shida ni kwamba ngoma yako ina tundu. Dawa ikipita kwenye tundu inafika kwenye chumba cha kati, na kutoka hapo inaweza kupenya kuingia sikio la ndani, ambako kundi hili la dawa linajulikana kuua chembe za usikivu. Usiingiwe na hofu kwa siku ulizokwisha tumia, hatari ya siku chache ni ndogo. Lakini ipo dawa nyingine isiyo na hatari hiyo, matone ya siprofloksasini, kwa hiyo sioni sababu ya kuendelea na ya kwanza. Kama mahali ulipo hakuna ya sikio, matone ya macho ya siprofloksasini yanaweza kutumika sikioni, mtabibu akikubali. Kinyume chake hapana: ya sikio hayatiwi machoni.

Mafuta ya moto na kitunguu saumu ninayakataa kabisa, kwa heshima zote kwa matroni, ambaye naona alikuamkia usiku na anakutakia mema. Ngozi ya ndani ya sikio ni nyembamba, inaungua kirahisi. Maji ya kitunguu saumu yanababua hata ngozi ya mkono ikikaa nayo muda mrefu. Na kwako wewe mwenye tundu, vyote hivyo vinaingia ndani moja kwa moja, vikiwa na vijidudu vya jikoni. Nimetoa vitu vingi masikioni mwa watu: majani, tembe za kitunguu, pamba zilizooza, mkaa uliosagwa. Sijakutana na hata kimoja kilichomponya mwenyewe.

Jambo moja hukuniambia, nalo ni muhimu: sikio bado linatoa majimaji, au limekauka? Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kwa watoto inahesabu usaha wa siku 14 na zaidi kuwa ni ugonjwa sugu, na matibabu yake ni tofauti. Wewe uko siku ya 12. Ndiyo maana nimesema wiki hii hii, na nisingependa uvute mpaka likizo.

Kama limekauka, huhitaji matone yoyote. Kama bado linatoa, kazi kubwa kuliko dawa ni kulikausha, maana dawa haiwezi kupenya bwawa la usaha. Chukua kitambaa safi cha pamba au karatasi laini ya tishu iliyo imara, isiyokatika ikilowa. Nawa mikono. Sokota ncha iwe utambi. Vuta sikio kwa juu na nyuma, tundu linyooke, kisha ingiza utambi taratibu mpaka ulipo usaha, usisukume kwa nguvu. Uache ulowe, utoe, utupe, weka mwingine mkavu. Endelea mpaka utambi utoke mkavu. Fanya hivyo angalau mara tatu kwa siku. Kijiti cha pamba hakifanyi kazi hii, kwanza kinasukuma uchafu ndani, pili ni kigumu na kinaweza kuongeza tundu.

Baada ya kukausha ndipo matone, kama umeandikiwa. Shika chupa kiganjani dakika chache ipate joto la mwili, kwa sababu matone ya baridi yakiingia sikioni huleta kizunguzungu kikali cha ghafla, na wengi huacha dawa kwa sababu hiyo wakidhani imewadhuru. Lala ubavu wa kulia, sikio bovu likiwa juu. Tia idadi uliyoandikiwa. Kisha kile kinyama kidogo kilichoko mbele ya tundu la sikio, upande wa shavuni, kibonyeze na kukiachia mara nne tano. Kitasukuma dawa ndani. Baki umelala dakika tano. Watu wengi huinuka mara moja, dawa yote ikashuka shingoni.

Kuoga unaoga, ila sikio lisiingie maji. Chukua pamba, ipake mafuta ya mgando kwa nje, iweke mlangoni mwa sikio, usiizamishe. Ukimaliza kuoga itoe. Usishinde nayo mchana kutwa, inafungia unyevu ndani na vijidudu hupenda hivyo. Kuogelea mtoni au bwawani acha mpaka uambiwe tundu limejifunga. Mvua za huko kwenu vaa kofia.

Kuhusu vidonge: mtabibu akiona ngoma nyekundu na usaha unatoka, huenda akakuandikia amoksisilini ya siku tano hadi saba. Kama uliwahi kuvimba au kutoka vipele kwa dawa za jamii ya penisilini, mwambie kabla hajaandika. Meza dozi yote, na usigawane na jirani wa kitanda ambaye naye sikio linamuuma, jambo ambalo kwenye mabweni linafanyika sana. Ila elewa vidonge vinaua bakteria, havikaushi majimaji. Unaweza kumaliza dozi vizuri kabisa na bado sikio likawa zito. Wengi hapo hurudi kununua dozi ya pili na ya tatu, ya dawa kali zaidi, bila faida. Dawa za mafua na za mzio nazo hazitoi majimaji hayo, zimefanyiwa utafiti wa kutosha. Mafua yakiwa bado yapo, penga pua taratibu, tundu moja moja. Usizibe pua na mdomo ukapuliza kwa nguvu ili sikio lizibuke, utasukuma makamasi juu.

Muda gani sasa? Takwimu nzuri tulizo nazo ni za watoto wadogo, ambao mrija wao ni mfupi na umelala, kwa hiyo wanachelewa kuliko wewe. Kwa watoto hao, baada ya maambukizi ya sikio la kati, wiki mbili baadaye kiasi cha 70 kwa kila 100 bado wana majimaji ndani. Baada ya mwezi ni 40. Baada ya miezi miwili 20, na baada ya mitatu 10. Kwa maneno mengine, siku ya 12 kuwa bado husikii vizuri ni jambo la kawaida, wala si dalili kwamba matibabu yameshindwa. Utaona usikivu unarudi kwa vipande: asubuhi moja sikio litapiga "taf" ukimeza mate, utasikia vizuri saa nzima, halafu lizibe tena. Usikate tamaa siku hiyo, mrija ndio unaanza kujifungua.

Hata hivyo rudi ukaangaliwe baada ya wiki sita hivi, hata ukijisikia umepona, mtabibu athibitishe tundu limejifunga. Ikipita miezi mitatu na tundu bado lipo, au bado kuna majimaji, au husikii, unahitaji daktari wa masikio, pua na koo na kipimo cha usikivu. Tundu lisilojifunga lina upasuaji wake wa kuzibwa. Majimaji ya sikio moja yanayogoma kuondoka kwa kijana au mtu mzima yanatulazimu pia kuchungulia nyuma ya pua, maana mara chache kuna uvimbe unaoziba mrija, hasa kama pua hutoka damu au kuna tezi imevimba shingoni. Ni nadra, lakini ni jambo la kuangaliwa, si la kukisia. Na usaha unaonuka vibaya, unaokuja na kwenda mwaka baada ya mwaka, haupaswi kuzoeleka. Kuna ngozi huweza kuota ndani ya sikio la kati na kula vifupa taratibu bila maumivu. Nasema hili kwa sababu wanafunzi wengi huficha sikio linalonuka kwa aibu ya kuchekwa, wanakaa kiti cha nyuma na kuziba na pamba. Kama yupo bwenini kwenu, mpeleke.

Zipo dalili ambazo haziruhusu kusubiri hata asubuhi. Uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, sikio likasukumwa mbele. Uso kupinda upande mmoja. Kichwa kuuma sana pamoja na shingo kukakamaa, au kutapika, au homa kali iliyorudi. Kizunguzungu cha chumba kuzunguka. Ukiona lolote kati ya hayo, mwamshe matroni bila kuona aibu, na uende hospitali usiku huo huo.

Vinginevyo anzia kituo cha afya kilicho karibu. Ukifika usiseme tu "sikio linauma", sema: "Sikio lilitoa usaha, sasa halisikii, naomba uniangalie ngoma ya sikio kwa otoskopu." Wakikuambia kifaa hakipo, omba rufaa ya hospitali ya wilaya au ya mkoa. Ukihitaji daktari bingwa na kipimo kamili cha usikivu, kwa huko uliko hospitali ya rufaa ya kanda iko Mbeya.

Darasani nako kuna la kufanya, na usisubiri upone. Hamia mstari wa mbele, karibu na ukuta wa kushoto ukiwa umeelekea ubao. Hapo sikio lako zima, la kulia, linaangalia darasa lote na mwalimu. Ukipunguza umbali kati yako na mdomo wa mwalimu kwa nusu, unaongeza kiasi cha desibeli 6. Ukipunguza tena nusu, unaongeza nyingine kama hizo. Darasa lenye mwangwi halikupi zote, lakini unazopata ni za bure na ni za leo. Mwombe rafiki mmoja akuazime daftari jioni. Mtabibu akuandikie barua fupi kwenda kwa mwalimu wa darasa na wa taaluma: sikio la kushoto halisikii vizuri kwa muda, aitwe kutoka kulia au aguswe bega.

Na hapa niseme na walimu wanaosoma. Mtoto asiyeitika si lazima awe na dharau. Anayeitika akiitwa kutoka upande mmoja na kukaa kimya akiitwa kutoka mwingine, anayeuliza "nini?" wiki nzima baada ya mafua, anayeongea chini ghafla, huyo mpeleke zahanati. Nashukuru mwalimu wako alikusimamisha tu. Kofi la kiganja kwenye sikio linasukuma hewa kwa nguvu na kupasua ngoma, nimeiona mara nyingi mno, na ngoma iliyokwisha kutoboka haiwezi kustahimili hata kidogo. Asipigwe mtoto usoni wala sikioni, kwa kosa lolote.

Barabarani kuwa mwangalifu kuliko kawaida. Ubongo hujua sauti imetoka wapi kwa kulinganisha masikio mawili, tofauti ya muda isiyofika hata elfu moja ya sekunde. Ukiwa na sikio moja, bodaboda utaisikia lakini hutajua iko upande gani. Geuza kichwa, tazama kwa macho pande zote mbili, ndipo uvuke.

Kwaya endelea nayo. Kuimba hakudhuru ngoma ya sikio, wala hakuchelewishi kupona. Utakachokiona ni kwamba utaimba kwa sauti ndogo na pengine utashuka noti bila kujijua, kwa sababu unajisikia wewe kuliko unavyowasikia wenzako. Mweleze mwalimu wa kwaya. Simama mwisho wa mstari upande wako wa kushoto, wenzako wote wawe kulia kwako, na mwimbaji mwenye sauti ya uhakika wa kundi lako asimame karibu nawe kabisa. Kama kuna kinanda chenye spika kubwa, usisimame mbele yake.